Ufagio wa Ngazi na Uenyekiti Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Wamenidharau tena! Hata mwandiko leo umepinda kwa hasira.

Chuoni nimefundisha kipindi kizima kwamba jamii ni kama mwili. Familia, shule, dini, sheria: kila kiungo kina kazi yake, na kikiondolewa kimoja, mwili wote unaugua. Wanafunzi wamesinzia. Sawa. Nimezoea. Lakini nafika kwenye jengo letu nakuta Fundi Cherehani wa chumba cha chini amebandika tangazo la kupunguza suruali juu ya Kanuni za Ngazi. Kanuni ishirini na mbili! Nimezitunga mimi, mwenyekiti wa wakazi, likizo nzima.

Nikamuuliza anadhani ni nini kinachozuia jengo hili lisigeuke soko. Akajibu, pini mdomoni, kwamba ni ufagio.

Ufagio! Maana hapa kuna mtindo wao. Ukimaliza zamu ya kufagia ngazi, unautundika kwenye kitasa cha jirani anayefuata. Hakuna anayeambiwa kitu. Ukiukuta mlangoni kwako, unafagia. Fundi aliuzungushia mpini kitambaa chekundu, basi anajiona mwasisi wa dola.

Nesi wa ghorofa ya tatu alikuwa akipita na ndoo. Akasema pole Mwalimu, ila uchaguzi ni Jumapili, na yeye anamfikiria Fundi.

Anamfikiria! Mtu anayepima watu viuno!

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu anasema niwaachie hicho cheo. Eti tangu nikipate sijamaliza sahani bila kulalamika. Nimemwambia haelewi taasisi. Akasema anaelewa vyombo, na leo ni zamu yangu kuviosha.

Nimepata mpango nikiwa na povu mikononi. Kugoma! Kiungo hakithaminiwi mpaka kikosekane. Nimebandika notisi: Mwenyekiti yuko mapumzikoni. Hakuna kuamua ugomvi, hakuna ukaguzi, hakuna filimbi yangu ya kuwaita wakazi. Kisha nimejifungia sebuleni nikisubiri jamii ianguke.

Jumatano, 5 Machi

Haijaanguka.

Mchana nilisikia kelele na roho ikaruka kwa furaha. Ndoo ya maji imemwagika ngazini, Nesi na jirani yake Mwokaji wanarushiana maneno. Hatimaye! Nikavaa koti la mikutano, nikasimama nyuma ya mlango kusubiri kugongewa. Badala yake nikasikia Fundi akiwaambia jamani dada zangu, aliyemwaga anajijua, aliyekanyaga anajijua, leteni tambara. Wakacheka. Tambara likaletwa. Ugomvi ukaisha.

Mke wangu akaniuliza koti la nini na jua lote hili. Nimesema nasikia baridi.

Kibaya zaidi, hakuna aliyeiona notisi. Jioni Nesi amenishukuru kwa utulivu. Alidhani filimbi imeharibika, akaniomba nisiitengeneze.

Alhamisi, 6 Machi

Sikulala kwa hasira, lakini akili imefunguka. Niliondoa kiungo kisichoonekana. Wajinga hawa wanaelewa kinachoonekana tu. Ufagio! Ukitoweka, zamu zitakufa, taka zitapanda mpaka magotini, watanijia wakilia na Kanuni ya Saba: ufagio ukikosekana, Mwenyekiti atapanga zamu. Nani atamfikiria Fundi hapo?

Ulikuwa kwenye kitasa cha Nesi. Wote walikuwa kazini, Fundi kelele za cherehani zimemziba masikio. Nimeuchukua. Si wizi. Ni utafiti. Nimeusukuma chini ya kitanda cha chumba cha wageni.

Mke wangu ananikumbusha kwamba mama yake anafika kesho. Vizuri tu. Mimi na mama mkwe tunaheshimiana sana. Yaani hatuongei.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nilikuwa mfalme. Maganda ya vitunguu ngazini! Nesi akamshutumu Mwokaji kwamba kashikilia ufagio, Mwokaji akaapa kwamba alishautundika kwa Nesi. Nikatoka na filimbi. Nikatangaza kwamba ufagio umepotea. Nikasoma Kanuni ya Saba kwa sauti.

Fundi akasema ufagio hauna miguu, huo umeibwa.

Nikasema umepotea. Akasema umeibwa. Basi wakawaka! Watu waliokuwa hawasalimiani wakasimama bega kwa bega kumlaani mwizi. Mwokaji akasema mtu huyo hana mama. Nesi akasema anayeiba ufagio ataiba hata sanda. Nilitikisa kichwa pamoja nao. Ningefanyaje?

Halafu kila mmoja akaleta ufagio wa ndani kwake. Wamefagia wote, wameosha ngazi mpaka juu, huku wakiimba! Zamu sikupanga. Ushauri sikuombwa. Nimeambiwa ninyanyue miguu maji yapite.

Chakula nimekiacha mezani. Mama mkwe, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika, amekula na sehemu yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa! Balaa tupu!

Mama mkwe hawezi kukaa kwa watu bila kushika kazi. Kaamka kautafuta mkoba wake, kachungulia chini ya kitanda, kaona ufagio mzuri, katoka nao. Kafagia kuanzia kwetu ghorofa ya nne mpaka mlangoni kwa Fundi, akimwamkia kila anayemkuta. Kitambaa chekundu kinapepea.

Mimi nilikuwa naoga.

Natoka, jengo zima liko mlangoni kwangu. Fundi hakufoka. Afadhali angefoka. Alimuuliza mama mkwe kwa upole ufagio ameutoa wapi. Yule mama, sauti yake inafika barabarani, akajibu: nimeutoa chini ya kitanda, baba, mkwe wangu huyu kautunza, kausukuma mpaka ukutani.

Nilieleza kuhusu utafiti. Nikafika kwenye mfano wa mwili na viungo. Nesi akaniuliza na sanda nazo nimeficha wapi. Mke wangu akanivuta ndani kwa taulo.

Jumapili, 9 Machi

Uchaguzi. Fundi kapata mikono yote. Hata wa mke wangu! Hata wa mama mkwe, mgeni, asiye na haki ya kura! Nikadai Kanuni ya Kumi na Nne. Fundi akasema samahani Mwalimu, karatasi ile alishaikata kiolezo cha mfuko wa nyuma.

Adhabu: ufagio utabaki kwenye kitasa changu mpaka wenyewe watakapochoka kuniona nimeinama.

Nimefagia kwa hasira, vumbi machoni. Lakini nilipofika ghorofa ya tatu nimesimama. Nesi na Mwokaji wanakunywa chai mlango mmoja! Wanacheka! Wananicheka mimi, ndiyo, lakini pamoja. Na nani aliyewaunganisha? Fundi? Kanuni? Mwizi! Si ndilo somo la wiki ijayo, kwamba hata uhalifu una kazi yake? Jamii ikimkasirikia mkosaji mmoja, inakuwa kitu kimoja. Kwa hiyo kiungo muhimu kuliko vyote katika jengo hili ni mimi. Bila mimi watamlaani nani? Na asante sijapewa!

Tayari mambo yameanza kulegea. Jioni Fundi na Nesi wamebishana kuhusu mlango wa kuingilia, nani kauacha wazi. Mwili unaugua, na dawa naijua. Nimeitazama balbu ya ngazini. Inafunguka kwa mkono.

Chini ya kitanda sitaficha tena. Hilo nimejifunza. Nitaiweka ndani ya mkoba wa mama mkwe. Nani atathubutu kupekua huko?