Mbawakavu wa Mke Wangu

Jumatatu, 3 Juni
Nimempata! Kwenye gogo nyuma ya jumba la makumbusho, ndani ya ule uyoga mgumu unaochomoza kwenye miti kama sahani. Mbawakavu mdogo kuliko punje ya ufuta, pembe mbili kichwani. Kwenye droo zangu za wadudu hayumo. Katika kazi yetu, anayegundua mdudu mpya ndiye humpa jina. Nitampa la mke wangu. Amehamia kwa dada yake tangu nilipojaza uyoga kwenye kabati la vyombo. Heshima kama hii ataikataaje? Jioni nimemimina chai vikombe viwili. Mazoea yana taabu. Nimevinywa vyote.

Jumanne, 4 Juni
Miwani, jirani yangu wa meza kazini, kauliza nachekea nini. Nikasema jino linauma. Nikafunika hadubini kwa koti. Ndiye aliyenipokonya kiti cha dirishani. Simwamini hata salamu yake.

Jumatano, 5 Juni
Nimempigia mke wangu. Kauliza huyo mdudu anaishije. Nikamweleza kwa fahari: huzaliwa ndani ya uyoga, hula uyoga huo huo, hufia humo humo, ya nje hana habari nayo. Kasema huyo nimpe jina langu mwenyewe. Lakini Jumamosi atakuja tuzungumze. Akikuta jikoni hamna uyoga, huenda akarudi. Akikuta hata mmoja, anachukua sufuria zake na basi. Nimefurahi mpaka nimeanza kusugua sakafu usiku huu huu.

Alhamisi, 6 Juni
Miwani kachungulia chini ya koti. Kumbe mdudu anajulikana tangu zamani, yumo kwenye droo yake. Na wenye pembe ni madume. Mkosi! Nimekula nimesimama. Kukaa mbele ya kiti kitupu kunaniumiza.

Jumamosi, 8 Juni
Jikoni kunang'aa. Uyoga wote nimetupa, isipokuwa mmoja, ule wa mbawakavu wangu. Nimeuficha vizuri. Mke wangu kaketi. Kasifu sakafu. Nusura atabasamu. Kavuta kopo la sukari. Nilipokumbuka, kifuniko kilikuwa kimeshafunguliwa.
Sufuria nimembebea mimi hadi kituoni. Hakugeuka nyuma.

Jumapili, 9 Juni
Nyumba kimya. Jana nikitoka kituoni niliona uyoga mwingine kwenye mti, leo nimeufuata. Ndani mna mbawakavu mwenye manyoya mgongoni. Huyu ni mpya, naapa. Nitampa jina la mama mkwe. Yeye akisema, bintiye husikia.
Uyoga nimeuweka kabatini. Umeenea sawasawa pale zilipokuwa sufuria.