Mpaka wa Shingo na Kifua

Hospitali nzima ilitangaziwa jambo kubwa: kuanzia siku hiyo, shingo na moyo vitatambuana rasmi.

Jamani, si mzaha. Miaka yote shingo ilikuwa mali ya Idara ya Koo, moyo wa Idara ya Moyo, mpaka ni mfupa wa mtulinga. Mpimaji wa ultrasaundi, dada ambaye wodi nzima inamwita Jeli kwa ule ute anaowapaka watu, alikuwa amevuka mpaka bila kibali. Alimpima shingo mama mmoja fundi cherehani, mgonjwa wa valvu ya moyo, akakuta ukuta wa mshipa ni mwembamba, safi kabisa.

"Shingo ikiwa hivi, mishipa ya moyo nayo huwa salama," alimweleza Mkurugenzi. "Daktari wa upasuaji kakubali kumpasua bila kwanza kumwingiza mrija wa kukagua mishipa ya moyo. Foleni ya mrija ni miezi mitano, bosi. Mama hana hata miwili."

Mkurugenzi alilichukulia suala kwa uzito, yaani aliunda kamati. Kamati ilikaa wiki sita ikijadili shingo inaanzia wapi. Mama fundi akawa anahema kama anayepanda ngazi, na amelala.

Mara valvu ya Mkurugenzi mwenyewe ikaanza kuvuja. Aliposikia mrija unapitia kwenye paja, kamati ilipata mwafaka kabla ya chai. Waraka ukatoka: ukuta mwembamba, upasuaji Jumatatu; ukuta mnene, foleni ya mrija. Matokeo hayana rufaa. Namba ya foleni haihamishwi. Kubadilisha waraka, kamati ikae upya.

Jumatatu ilikuwa na nafasi moja tu.

Siku ya uzinduzi Mkurugenzi alilala kitandani, tai begani, mpiga picha pembeni. Jeli akampaka ute. Picha ikatokea kwenye skrini kubwa.

"Hongera, bosi!" katibu wa kamati akapiga makofi. "Ukuta imara!"

Wajumbe wote wakapiga makofi. Jeli akapima tena, na tena.

"Mbona unarudia, binti?" Mkurugenzi akauliza.

"Ni mnene, bosi. Na una mafuta yamegandia."

Makofi yakafia hewani.

"Kwani shingo inahusiana nini na moyo?" Mkurugenzi akafoka.

"Vimetambuana leo asubuhi, bosi. Umesaini wewe."

"Basi kamati ikae upya!"

"Wiki sita, mkuu," katibu akanong'ona. "Tukiwahi."

Jumatatu mama fundi alisukumwa kwenda chumba cha upasuaji, Jeli kamshika mkono. Kwenye korido ya mrija wakamkuta Mkurugenzi kwenye benchi, kijikaratasi mkononi: mia mbili na kumi na nne.

"Pole, baba," mama akasema kwa pumzi fupi. "Namba yangu ya arobaini na moja iko wazi. Ichukue tu."

Mkurugenzi akainuka haraka. Katibu pembeni yake akaufunua waraka, akakohoa kidogo, akamwonyesha mstari wa namba na saini yake.

Akakaa.