Daftari la Mwangalizi wa Mfongo

Kwa heshima kubwa, wananchi wa Uru wanaarifiwa kwamba mfongo wetu, mfereji uliochimbwa na mababu kuleta maji migombani, umeingia rasmi katika karne ya sasa. Natangaza haya nikiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mfongo na mhitimu wa masomo ya jioni, ngazi zote mbili.

Kamati ilimwita Davis, mtaalamu kutoka Moshi mjini, atuletee mtambo unaofungua lango la maji wenyewe. Kazi hiyo ilikuwa ya Filemon, mwangalizi wa mfongo, kwa miaka thelathini na mbili, na ndiyo iliyolisha nyumba yake. Tulimhurumia kwa kauli moja, kisha tukaendelea na ajenda.

Barua ya kumshukuru na kumwachisha kazi niliiandaa mapema, nikaisaini, nikaigonga muhuri. Kwa kuzingatia haki, sehemu ya jina niliiacha wazi.

Davis alitupa shikamoo, akagawa fomu. "Kila mwenye kazi kwenye mfongo aandike anachofanya. Mtambo utasoma, utasema ipi unaiweza."

Niliandika kwa ufupi unaolingana na cheo: Kuthibitisha. Kusisitiza. Kukaribisha wageni.

Filemon alijaza fomu, akaomba daftari, akalijaza nalo: Maji yakinuka tope jipya, ukingo umekatika kule juu, shambani kwa Martha. Fuko akitoboa, ziba kwa udongo mwekundu, siyo mweusi. Penye msiba, fungua lango kabla hawajaomba.

"Filemon, hiyo ni hotuba?"

"Hapana, Mwenyekiti. Hiyo ni Jumatatu tu."

Siku ya mkutano, Davis alifungua kompyuta mbele ya watu. "Kazi ya Mzee Filemon: mtambo unaweza kuinua lango. Hauwezi kujua uliinue lini, wala kwa ajili ya nani. Unapendekeza aongezewe msaidizi."

"Na ya Mwenyekiti?" akadakia Mektrida, muuza ndizi, ambaye hana wadhifa wowote kwenye Kamati.

Davis akakohoa. "Ya Mwenyekiti imeshaanza kufanyika."

Simu zote zikalia kwa pamoja. Ujumbe kutoka kwa mtambo ulisema: Kamati inathibitisha, inasisitiza, na inawakaribisha wageni.

"Haki ya Mungu, ni yeye kabisa!" Mektrida alicheka mpaka akashika kiuno. "Tena huu hauombi kiti wala soda!"

Barua yangu ilikuwa pale mezani, imekamilika kila kitu isipokuwa jina. Wajumbe wakaandika langu, kwa kalamu yangu. Niliikagua mara mbili nikitafuta kasoro. Haikuwa nayo. Naandika barua vizuri.

Watu walipotawanyika, Filemon akanifuata. "Mzee mwenzangu, nafasi ya msaidizi iko wazi. Njoo kesho asubuhi na jembe. Utaanzia darasa la kwanza."

Mimi ni mtu wa kujiendeleza. Nikamwuliza kama mwishoni kuna cheti.

"Mwishoni kuna maji," akasema.