Ombi la Kuliacha Jino Langu la Chekechea Mahali Pake

Kwa Shangazi, ambaye pia ni Daktari wa Meno,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu ukishavaa glavu siwezi kubishana nawe. Mdomo unakuwa wazi lakini maneno hayatoki.

Ijumaa, mbele ya wagonjwa wanne, ulisema: "Mwanangu, miaka kumi na minne na bado unatembea na jino la chekechea! Jumamosi linatoka hilo." Mama wa mapokezi alicheka mpaka akakosea kuandika kadi yangu. Kwa heshima zote, napinga.

1. Jino lenyewe ni chonge. Nimesoma vitabu vyote vya meno vilivyomo katika maktaba ya shule (viwili). Chonge ni la kutoboa na kushikilia nyama. Simba amelikuza, farasi amelisahau, akajirefushia magego ya kusagia nyasi. Ukiling'oa langu, utakuwa umenihamishia kwa farasi bila kuniuliza.

2. Mamba hubadilisha meno maisha yake yote. Sisi mamalia, wengi wetu, tumepewa awamu mbili tu, ili ya juu na ya chini yakutane sawasawa tunapotafuna. Mwenye awamu mbili hawezi kuwa na haraka.

3. Tembo hupata magego mara sita, na sijasoma popote kwamba shangazi yake alimtangaza mapokezi.

4. Kwenye picha ya eksirei ulinionyesha chonge la ukubwani limelala ndani ya ufizi. Limekuwa likijengwa humo tangu nikiwa mchanga. Lililosubiri muda wote huo halitashindwa kusubiri nimalize shule.

5. Kwa hiyo naomba Jumamosi ifutwe, mama wa mapokezi aliombe jino radhi kwa maandishi, nami nipewe cheti cha kuwa jamaa wa simba.

(Suala la sindano sijaligusa, wala halihusiani.)

Nisalimie binamu zangu wote, pamoja na lile taya la plasta lililopo mezani kwako.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, mwenye meno yote hadi sasa.

N.B. (nyuma ya bahasha): Nilipolamba bahasha niifunge, jino limenasa kwenye gundi. Halikuuma hata kidogo. Limo humo, kona ya kushoto; fungua taratibu. Nikipapasa kwa ulimi, ncha ya jipya imeshachungulia, na ni kali! Jumamosi nakuja kukuonyesha. Naomba tu mama wa mapokezi awepo.