Mti Namba Ishirini na Tatu

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Hussen, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, amepata tenda. Hussen! Tangazo limebandikwa kwenye ubao wa mtendaji wa kata. Nimelisoma mara tatu na jina halibadiliki. Halmashauri imempa yeye kazi ya kukata miarobaini ishirini na miwili inayokaukia kando ya barabara hapa Mingoyo.

Na mimi niliomba. Kwenye sehemu ya vifaa niliandika: mapanga mawili, shoka moja, uzoefu. Hussen aliandika: msumeno wa mashine. Hiyo ndiyo tofauti pekee kati yetu, sijui kwa nini watu wameitilia maanani.

Lakini huyu alianza zamani. Darasa la tano alichaguliwa kiranja, na mimi ndiye niliyewagawia wapiga kura karanga.

Nikamweleza mke wangu, Naima. Alikuwa anasukuma chapati chini ya mti wake wa mkungu, mbele ya nyumba. Akasema alhamdulillahi, maana mara ya mwisho nilipopanda mti nilishushwa kwa ngazi ya msikiti. Mwanamke huyu hanitii moyo hata kidogo.

Jumatano, 10 Septemba

Afisa misitu amekuja kuweka alama. Anaitwa Magdalena, bado binti, kavaa buti, ana kopo la rangi nyekundu na daftari. Aliniambia shikamoo baba. Marahaba! Nikaona huyu amelelewa, nikamfuata mti kwa mti ili nimsaidie. Hakuniomba.

Akaeleza kwamba ugonjwa huanzia ncha za matawi, mti unakauka kutoka juu kuja chini, halafu siku ya upepo unamwangukia mpita njia. Kila mti mgonjwa aliupiga X kubwa nyekundu na namba chini yake. Moja hadi ishirini na mbili. Alipofika kwenye mkungu wa Naima akaupigapiga shina, akasema huu mzima kabisa, Mungu aulinde. Kisha akakaa kivulini akala chapati mbili na maharage.

Kila mtu hukaa pale. Madereva wa malori ya Mtwara husimama kwa ajili ya kile kivuli, si kwa ajili ya maharage, ingawa Naima haambiliki. Bila kivuli hakuna dereva atakayeteremka. Nyumba hii inakula kwa mti ule. Mimi mipango yangu bado haijaiva.

Lakini jioni nikawaza. X! Kuna jamaa wa Mtama barabara ilipopanuliwa walimpiga X jikoni kwake. Watu wakamlilia, wakampa pole. Akalipwa fidia, akanunua pikipiki! X ni neema iliyovaa nguo mbaya. Na mkungu wa Naima ndio mti pekee barabarani wenye mwenyewe.

Ila hauna X. Kasoro ndogo.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimefanya. Saa saba mchana, wanaume wote wako msikitini kwa sala ya Ijumaa, Naima kaenda kwenye hitima kwa jirani yetu Moza. Barabara tupu, mbuzi tu. Nilichukua ile rangi nyekundu niliyonunua mwaka juzi ya kupaka mlango. Mlango nitaupaka.

X safi. Chini yake nikaandika 23. Kwa kweli yangu imenyooka kuliko za serikali. Adhuhuri nimeisali nyumbani, haraka, na tone la rangi kwenye kofia.

Mpango ni huu: naomba fidia, nalipwa, kisha nafuta X kabla Hussen hajafika na msumeno wake. Mti unabaki, Naima anabaki kivulini, mimi nabaki na fidia. Hakuna anayeumia. Nimeutafuta ubaya wa mpango huu saa nzima, sikuuona.

Naima alirudi saa kumi. Akasimama mbele ya mti, mkono mdomoni. Kisha akalia. Sikuwa nimelipanga hilo. Nikampa pole. Akafuta machozi kwa upande wa khanga, akasema hii si kazi ya yule binti, hii ni kazi ya Hussen, anataka kuongeza mti kwenye tenda yake. Nikasema huwezi kujua, watu wabaya wapo. Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeandika barua ya fidia. Kurasa mbili! Nimeeleza kwamba mkungu wenye X namba 23 niliupanda kwa mikono yangu mwenyewe mwaka 2003, nikaumwagilia asubuhi na jioni, na moyo wangu unavuja damu.

Sawa, aliyeupanda ni Naima, akiwa na mimba ya binti yetu Sauda, na maji yenyewe yalikuwa ya kuoshea masufuria. Lakini barua ya kwenda serikalini haitaki mambo ya masufuria.

Hussen alikuja mwenyewe jioni. Akaapa mbele ya Naima kwamba hajui lolote kuhusu ile X na kwamba hataugusa mkungu mpaka afisa aje. Naima akamwamini, akampa na chai. Kabadilika haraka hivyo! Sasa anataka kujua ni nani. Ameniteua mimi nichunguze. Nimekubali. Ningesemaje?

Jumatatu, 15 Septemba

Balaa.

Nilifika ofisini kwa Magdalena saa mbili, nimevaa koti. Akaisoma barua yangu, kurasa zote mbili, akafurahi. Nikajua mambo yamekubali. Akasema ni nadra sana kupata mwenye mti aliyejitokeza mwenyewe, maana kwa kawaida watu huikana miti kama watoto wa nje.

Kisha akafungua sheria ndogo. Mti mgonjwa wenye mwenyewe hauna fidia. Mwenyewe anaukata kwa gharama yake, anang'oa kisiki kwa gharama yake, anachoma mizizi kwa gharama yake. Ndani ya siku saba! Nilimwomba asome tena polepole. Alisoma. Ilikuwa vilevile.

Nikasema labda nimechanganya, labda mti si wangu sana. Akasema hata yeye anashangaa, daftari lake lina miti ishirini na miwili na mkungu haumo. Atakuja Alhamisi kuuangalia. Nikaomba barua yangu. Akasema imeshapigwa mhuri wa kupokelewa. Mhuri! Mwaka jana niliomba mhuri wiki tatu, leo umepatikana kwa dakika moja.

Kwa hiyo Alhamisi binti atasimama mbele ya X ambayo hakuichora. Kughushi alama ya serikali ni miezi mingapi? Sikuthubutu kumuuliza mtu. Nimekunywa maji mengi.

Lazima X iondoke. Pasipo X hakuna kesi.

Jumanne, 16 Septemba

Haiwezekani kuukaribia mti. Naima kaweka kigoda chake mbele ya X, anasema huo ni ushahidi na atakayeugusa atamjua yeye ni nani. Wanawake wa jirani wanapokezana naye zamu. Aliniuliza uchunguzi umefikia wapi. Nikasema nina washukiwa.

Jumatano, 17 Septemba

Siku ya Naima kwenda Lindi kununua unga na maharage. Mlinzi wa mti kamwacha nani? Mimi! Mungu hamtupi mja wake.

Nilianza na mafuta ya taa na tambara. Rangi ya mlango ni rangi kweli, mwenye duka hakunidanganya. Haikutoka, ilisambaa. X ikawa kitu kama mbuzi aliyechinjwa. Nikachukua panga, nikabandua gamba lote lenye rangi hadi kwenye mti mweupe. X hakuna tena! Lakini kikabaki kipande cheupe, kikubwa kama sinia, upande mmoja tu. Mtu yeyote angeuliza.

Hapo ndipo akili ilipofanya kazi. Kitu kikiwa upande mmoja ni dosari, kikizunguka ni pambo. Nikabandua gamba kuzunguka shina lote, mkanda mmoja mweupe, sawa kabisa, upana wa kiganja na nusu. Imenichukua saa mbili. Mti umependeza, kama umevaa mkanda wa harusi.

Naima aliporudi nikamwambia nimeondoa uchafu wa Hussen, sasa mti uko huru. Akauzunguka mara mbili. Baba yake alikuwa mkulima wa korosho. Akaniuliza kama najua wazee wakitaka kufyeka shamba jipya miti mikubwa wanaifanyaje. Nikasema wanaikata. Akasema sio yote. Akaingia ndani.

Sikuelewa. Nimelala vizuri.

Alhamisi, 18 Septemba

Sasa nimeelewa.

Magdalena alifika saa nne, daftari mkononi. Akautazama mkungu, akatazama juu, akasema majani mazuri, tawi kwa tawi, mti mzima, ndiyo maana hakuuandika. Naima akashusha pumzi. Mimi pia. Kisha binti akaona mkanda. Akaupitisha mkono kuzunguka shina, akaniuliza nani kafanya hivi. Nikasema ni pambo.

Akaeleza pale pale, mbele ya wanawake wote na Hussen. Chakula cha mti hupita kwenye gamba. Ukilikata kuzunguka, mizizi inakufa njaa. Leo majani ni ya kijani, masika ijayo mti mkavu unamwangukia dereva. Hakuna dawa. Akafungua kopo lake la rangi, taratibu, kama mtu asiyetaka, akapiga X juu ya mkanda wangu. Chini akaandika 23. Namba ileile.

Naima akamuuliza kwa nini alikuja kuuangalia mti ambao haumo daftarini. Binti akasema si kwa sababu ya barua ya baba? Akaitoa. Na mhuri wake.

Naima aliisoma yote, kidole chenye unga kikifuata mstari. Nilisubiri kelele. Afadhali zingekuja. Alipofika mwisho akarudi kwenye ukurasa wa kwanza, akaniuliza neno moja tu, polepole.

"Uliupanda wewe?"

Nikainama kuokota vipande vya gamba chini ya shina. 

Kifungo sikupata. Binti alisema nimeshajiadhibu vya kutosha, atanipa onyo kwa maandishi.

Jumamosi, 20 Septemba

Umekatwa. Miaka ishirini na miwili, dakika kumi na moja. Hussen mwenyewe aliushika msumeno, bila kudai hata shilingi, hakuwaachia vijana wake, na kabla ya kuuwasha alivua kofia. Anajua sana kujipendekeza.

Naima aliokota kungu zilizoanguka, akazifunga kwenye khanga. Mimi nikasimama mlangoni. Jua lilikuja moja kwa moja hadi sebuleni, mahali ambapo halijawahi kufika. Nililia kidogo. Nikamwambia ni vumbi la mbao. Hakuwa ameuliza.

Jumatatu, 22 Septemba

Naima amehamia kwa Hussen.

Si hivyo! Meza. Meza ya chapati, jiko, mabenchi. Hussen kampa baraza lake, ng'ambo ya barabara, lenye bati na sakafu ya saruji, bure, hadi hapo atakapopata kivuli kingine. Leo yalisimama malori manne. Madereva wanasema hapa pazuri, hata mvua ikinyesha utakula. Naima amepanda kungu tatu kando ya baraza, ndani ya ua wa Hussen. Usiku anarudi nyumbani, anapika, anasema maneno ya lazima.

Nilikwenda kunywa chai. Akanihudumia kama mteja yeyote, akaniambia karibu tena. Hussen akanisogezea kiti, akaniuliza hali, akaniita ndugu yangu. Hakuna dharau kubwa kuliko hiyo. Chai yangu niliimalizia nimesimama.

Lakini kutoka pale nilirudi kwa hatua, nikihesabu. Kutoka katikati ya barabara hadi nguzo ya baraza la Hussen. Nikarudia mara mbili ili nisimwonee mtu. Baraza lile limeingia kwenye hifadhi ya barabara! Hatua nzima! Na wale wa barabara hawapigi X miti. Wanapiga majengo.

Naima atarudi kwake tu, sina shaka. Atanishukuru.

Nimekwenda kulitikisa lile kopo la rangi ya mlango. Bado nusu. Na Ijumaa si mbali.