Kwa Nini Mama Mukwe Anaruka na Minye Nashika Punda

Likasi, Kikula, mwezi wa munane 1994

Yaya Octave, mukubwa wa Blandine bibi yangu, mwalimu wa shule isiyofunguliwa, na mwenye mapango yote ya Jumamosi,

Nakupigia magoti kwenye karatasi, maana magoti yenyewe nimeyamalizia Kolwezi, Ndola na kwingine kwingi nilikotembea kuomba kazi. Weye unanijua: minye si mutu wa kulialia. Lakini ule mchezo wa karatasi na dadu uliotuletea toka Mulungwishi ukawa mwamuzi wake, ambao kila mutu anapewa mutu wake wa kubuni, anapigana na majini kwa mdomo, akishinda anapanda ngazi, franchement, kusema kweli, una ubaguzi. Tangu kazi ya usine, kile kiwanda chetu, ilipokufa, hiyo ndiyo kazi pekee niliyobaki nayo. Nikikosa heshima hata huko, nitakuwa mukwe wa nini? Sikiliza basi.

1. Ngazi ya kwanza. Mama mukwe wangu, Mama Philomène, mzazi wako, alichagua kuwa mchawi, jina lake Eugénie. Uhai wake ulikuwa alama mbili. Kuku akimparua, tunazika. Alikuwa na uchawi mumoja kwa siku, halafu anakaa kama tochi isiyo na betri. Nani alisimama mbele yake? Askari wangu, Chuma-Haikunjwi! Alipokea mishale mpaka akafanana na nungunungu. Asante yake? Mama alimwambia Blandine: « Ambia ule mukwe asogee, ananizibia mwanga. » Ndani ya pango, Yaya!

2. Ngazi ya tano tulilingana. Ilikuwa Jumamosi nzuri.

3. Ngazi ya tisa. Sasa Eugénie anaruka kama ndege, anachoma majitu kama mahindi, anafungua milango ya chuma kwa kukohoa tu. Na Chuma-Haikunjwi ameongezewa nini? Anapiga mara mbili badala ya moja. Mara mbili! Kule machimbo ya Kakontwe kuna watu wanapiga mawe toka asubuhi mpaka jua linazama, hakuna aliyewapandisha ngazi. Juzi mama alipita juu hewani akasema: « Ambia mukwe wangu ashike punda wa mizigo. » Nilimshika. Punda mwenyewe alinionea huruma.

4. Hapa ndipo penye kidonda. Desturi ya kwenu inasema mukwe hamuangalii mama wa bibi yake mpaka mama huyo amupikie karamu ya kuondoa haya. Ni vizuri. Lakini tangu maisha yaanguke, kuku amekuwa mutu mukubwa, haonekani ovyo. Karamu inangoja, na minye nacheza nikitazama ukuta. Dadu naitupa nyuma, juu ya bega, na Mama Clotilde, mdogo wa mama, ananisomea. Daima ni tatu. Yaya, dadu ile iko na pande ishirini! Nitajuaje kama askari ndiye dhaifu, au ni macho ya wakwe? Nataka kugeuka. Hilo tu ndilo ninalolitaka hapa duniani.

5. Mwamuzi ni mutoto wa mchawi. Sisemi zaidi. Nakumbusha tu kwamba siku jitu lilipomukamata mama, jitu lilikumbuka ghafla kuwa limeacha chungu motoni, likarudi kwake mbio.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu: kila ngazi anayopanda mchawi, askari aongezewe mkono mumoja. Ikishindikana, moto wa Eugénie uwashwe kwa makala, makaa ya gunia, naye ayanunue sokoni kama sisi wote. Ikishindikana tena, umeme ukikatika Kikula, na uchawi ukatike. Ikishindikana kabisa, Eugénie azae binti, amuozeshe, apate mukwe kama minye, tuone kama atabaki na nguvu ya kuruka.

Usipojibu, Chuma-Haikunjwi atauza upanga afungue kanisa.

Salimia watoto, majirani, na majini yote, hata yale ambayo mama hajayachoma.

Ni minye mukwe wenu, ninayewapenda kwa mgongo,

Gaston

P.S. Yaya, chana huko juu pote, soma hapa tu. Blandine ametoka kwenu sasa hivi. Anasema Eugénie amepanda tena, nawe ulimfungulia mama kitabu cha mchezo achague: uchawi wa kuua jeshi zima, au uchawi wa kuandaa karamu toka hewani. Mama amechagua karamu! Jumamosi atamwita Chuma-Haikunjwi amupakulie kuku muzima, bukari, ugali wenyewe, na sombe ya majani ya muhogo, mbele ya watu wote. Na mjomba wenu Stanislas, alipoulizwa kama karamu ya namna hiyo inaondoa haya, alijibu: « Siku hizi nimekwenda harusi zenye chakula kidogo kuliko hicho. Mukwe ageuke. »

Basi usimpunguzie mama hata alama moja. Mupe ngazi zingine. Punda nitamshika, na wa jirani pia. Shati nimelifua. Nijibu kitu kimoja tu, mbio: mama iko na sura gani? Wamama ni wawili pale mezani, na sipendi nigeuke na machozi yangu yote nimulilie Clotilde.