Kumwita Borghild Kosele

Jumatatu, 1 Agosti 1966

Nimepata binti. Wa kwanza. Ana siku nne na bado hana jina, na hapa Kosele ni mimi peke yangu ninayeona bahati katika jambo hilo. Naandika Kiswahili kwa sababu Phelesia, mke wangu, anasoma Kijaluo tu.

Bahati yenyewe ni hii. Sista Borghild, muuguzi Mnorwei wa zahanati, anatafuta karani wa kuandika majina ya wagonjwa. Binamu yangu Nicanor anaitaka kazi hiyo. Mimi pia. Nicanor ana mwandiko mzuri. Mimi nina mtoto! Nikimpa mtoto jina la Sista, Sista atakuwa wa kwetu. Nani humnyima mtu wa kwao kazi?

Ili asishuku, nimemwomba aniandikie majina ya wasichana wa Norwei pamoja na maana zake. Ameandika kumi, na la kwake akaliweka mwisho. Alifurahi mno. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu mwenye akili.

Jumanne, 2 Agosti

Mtoto analia tangu alfajiri. Hataki ziwa. Waya Rosbella, dada ya marehemu baba, amekuja na kigoda chake, akakaa kama mtu asiyeondoka.

Kwetu mtoto akilia hivi, kuna marehemu anayetaka mtoto aitwe kwa jina lake ili arudi nyumbani. Basi huitwa majina ya wafu moja moja, na likifikiwa lenyewe mtoto hunyamaza, akanyonya. Waya alimwita nyanya. Akamwita mama yake nyanya. Akamwita hata babu yetu aliyeliwa na mamba, maana wafu hawabagui mvulana na msichana. Kilio tu. Kisha akanigeukia.

"Huyu mtoto anamwita mtu," alisema. "Na wewe unajua ni nani."

Najua. Aloo. Mama yangu, na mwanawe ndiye wa kumwita kwanza. Nilisema tupumzike kwanza.

Nitaandika ukweli, kwa kuwa hapa hakuna wa kuusoma. Mwaka juzi Mama aliugua akatuma niitwe. Nilikuwa Kehancha, nafanya biashara ya tumbaku na mwenzangu Ryoba, biashara iliyooza pamoja na tumbaku yenyewe. Nilituma habari kwamba nina homa kali. Nilifika wamekwisha kuzika. Waya ndiye aliyenipa maneno ya mwisho ya Mama: "Mwambieni nimejua hana homa."

Namlilia Mama mpaka leo. Lakini namwogopa zaidi. Sitaki arudi humu ndani kunitazama nikila.

Alhamisi, 4 Agosti

Leo nimeita mimi. Nilisimama na karatasi, nikakohoa.

Astrid, uzuri wa kimungu. Kilio. Gudrun, siri ya mungu. Kilio kikubwa zaidi. Hilda, vita. Hapo hata Phelesia alisema nani humwita mtoto Vita. Dagny, siku mpya. Waya akasema majina ya alfajiri na ya asubuhi tunayo tele, hatuna haja ya kuazima. Sigrid, ushindi na uzuri. Kwikwi, kisha kilio.

Nikafika kwa Borghild, ngome ya vita. Nililitamka polepole. Mtoto akanyamaza!

Nilitaka kuruka. Waya hakuruka. Aliuliza huyo Borghild alikuwa wa ukoo gani, alikufa lini, na kaburi lake liko wapi ili watu wake wapelekewe habari. Nilisema yuko zahanati, nimemwona asubuhi akila ndizi. Waya akasema mtu anayekula ndizi hajamjia mtoto yeyote. Mtoto amechoka tu, akasema, na kuchoka siyo kutulia.

Hata hivyo nilienda kumwambia Sista. Yeye aliuliza kama mtoto ananyonya. Nikasema sana.

Jumamosi, 6 Agosti

Hajanyonya. Anamumunya kidogo, anaacha, analia. Phelesia maziwa yamejaa mpaka hawezi kuinua mkono, na amenuna nami kwa haki.

Sista alikuja mwenyewe kumwona wajina wake. Alimpima homa, akatazama kinywa, akabonyeza tumbo. Hakuona ugonjwa. Lakini alisema mtoto amepungua, na kesho jioni asipokuwa amenyonya atampeleka hospitali kubwa ya Homa Bay. Kisha akaniuliza mbona nilisema ananyonya. Nilitazama paa.

Ndipo nikajaribu kuokoa mambo. Nikasifu jina lake, ngome ya vita, jina la watu hodari. Akatabasamu kwa huzuni.

"Nilipewa jina la bibi yangu," alisema. "Alikufa kabla sijazaliwa. Mtoto wako hana bibi?"

Kumbe nilikuwa nawaita vikongwe wa Norwei ndani ya nyumba yangu, na wa kwangu nimemwacha nje mlangoni.

Jumapili, 7 Agosti

Sauti ya mtoto imekuwa ndogo. Hilo liliniogopesha kuliko kelele. Phelesia alinitazama tangu asubuhi bila neno. Kwetu mkaza mwana hatamki jina la mavyaa wake, kwa hiyo alikuwa akinisubiri mimi. Nilifungua mdomo mara tatu. Mara zote tatu nikaomba maji.

Waya akachoka. Alimpakata mtoto, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: Aloo, kama ni wewe, karibu nyumbani, nyonya.

Akanyonya. Alinyonya mpaka jasho likamtoka puani. Phelesia alilia. Mimi nililia zaidi yake, nikatoka nje, nikawaambia majirani kwamba ni moshi.

Jumatano, 10 Agosti

Nicanor ameanza kazi. Aliandika barua ya kuomba kazi, basi. Barua! Mtu hana ubunifu hata kidogo.

Mchana Phelesia alimnyonyesha mtoto, akaniachia nimshike yeye akafue nguo. Tulibaki wawili, mimi na Aloo. Alikuwa macho, ametulia, ananitazama moja kwa moja. Nilijua saa yangu imefika. Nilitaka kumwomba msamaha, na maneno nilikuwa nayo. Nikapiga magoti.

Nikamwambia: Mama, ni mimi niliyekuita. Tangu siku ya kwanza nilisema Aloo, hawa wengine ndio walionizuia.

Akaangua kilio.

Nimemrudisha kwa mama yake. Nimesema ana njaa. Phelesia anasema ametoka kunyonya sasa hivi. Basi ni tumbo. Watoto wa umri huu husumbuliwa sana na tumbo.